Ua wa Pamoja na Walaji Wake Watatu

Katika michoro ya kuuzia nyumba, bustani haikosekani. Jengo la ghorofa, maduka chini, nyasi katikati, watoto wanakimbiza mpira na mama mmoja amekaa kwenye benchi na kitabu chake. Pita tena hapo miaka mitatu baada ya watu kuhamia. Nyasi zimefunikwa na pevingi, magari yamebanana, jenereta la bucha limejengewa kibanda cha mabati pale lilipokuwa benchi, na mfuniko wa chemba umeegemezwa kwenye tofali kwa sababu kila wiki lazima ufunguliwe. Hakuna kikao kilichokaa kuamua kuiua bustani hiyo. Imeliwa tonge kwa tonge, na walaji wake wanafahamika: gari, fremu ya duka na karo la majitaka.

Kwa hiyo swali la namna ya kupanga mradi mdogo wa mjini, wenye makazi, biashara na kijani cha pamoja, naliona ni swali la kuwapangia hao watatu mahali pao kabla msingi haujachimbwa. Mchoraji anayeanza na majengo, halafu akapaka rangi ya kijani kwenye nafasi iliyobaki, amewaandalia karamu.

Wazo lenyewe halikuletwa na meli juzi. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni ilichanganya makazi na biashara muda mrefu kabla maofisa mipango miji hawajalipa jambo hilo jina. Mbele kibaraza, ndani ukumbi mrefu, vyumba vitatu kila upande, nyuma ua wenye jiko, choo na kamba za nguo. Chumba cha mbele kikipata dirisha la kuuzia, tayari ni duka. Wapangaji wa vyumba sita hawakuwa ndugu, lakini uani waliishi pamoja: kufua, kupika, kusukana nywele, kuosha maiti, kupika pilau la harusi. Ua huo haukuwa wa kutazamwa. Ulikuwa sehemu ya kazi, na ndiyo maana ulidumu.

Linganisha na Mnazi Mmoja, uwanja wa wazi unaojulikana kuliko vyote Dar es Salaam. Viwanja vya Kariakoo vilipimwa na Wajerumani kwa mistari iliyonyooka wakati utawala wao ukielekea ukingoni. Waingereza walipougawa mji kwa kanda tatu katika miaka ya 1920, eneo la Mnazi Mmoja liliachwa wazi ili liwatenge Waafrika wa Kariakoo na wakazi wa upande wa pili. Kijani cha kubagua. Leo watu wanakitumia kwa furaha, na ni haki yao, ila inafaa kukumbuka kwamba nafasi ya wazi si lazima iwe na nia njema.

Kariakoo ya sasa imeupoteza ua wake kwa hesabu rahisi. Fremu ya chini inalipa kuliko chumba cha juu, na ua haulipi chochote. Mwenye kiwanja akijenga ghorofa atajenga ukuta kwa ukuta, na ukimuuliza mbona hakuacha hata upenyo, atakujibu, "Kijana wangu, hapo katikati pana hela." Hakosei. Atakayetaka ua ubaki ana deni la kumwonyesha hela hiyo itatoka wapi kwingine. Basi tuipige hesabu.

Chukua kiwanja cha nusu eka, kiasi cha mita za mraba 2,000, upana mita 40 kwa urefu mita 50, upande mfupi ukitazama barabara ya mtaa. Acha mita 4 ubavuni kwa njia ya magari na mita 3 ubavu wa pili. Mbele acha mita 3 za kibaraza chenye kivuli, kisha weka jengo la mita 33 kwa 9. Kutoka ncha yake moja, upande wa njia ya magari, shusha bawa la mita 24 kwa 9 kuelekea nyuma. Majengo yote yana sakafu nne, ile ya chini ikiwemo, kwa hiyo hayahitaji lifti. Katikati panabaki ua wa mita 24 kwa 24. Nyuma yake kuna ukanda wa mita 11 wa maegesho, kisha mita 3 za mwisho hadi ukuta wa jirani.

Majengo yamekalia robo tu ya ardhi. Chini mbele zinapatikana fremu saba za upana wa kama mita 4, pamoja na njia ya miguu ya mita 4 inayopenya kutoka barabarani hadi uani. Sakafu nyingine, ukishatoa ngazi, kuta na korido, zinatoa nyumba 23 za wastani wa mita za mraba 60. Na gharama ya ua? Mwenye mradi akiongeza bawa la pili upande wa pili, anapata nyumba 11 zaidi. Hiyo ndiyo bei yake, na kuificha hakumsaidii mtu. Lakini bawa hilo linaubana ua hadi mita 15 kati ya kuta zenye urefu wa mita 13 hivi. Vyumba vya chini vinahitaji taa mchana, na watu 50 wa ziada wanakuja na magari yao na majitaka yao. Nyumba 11 za mwisho ndizo zinazozishusha bei nyingine 23. Mauzo ya siku ya kwanza hayalioni hilo. Kodi ya mwaka wa tano inaliona.

Sasa walaji, na nianze na fremu kwa kuwa ndiyo yenye njaa zaidi. Dawa ya kawaida ni kuigeuza yote itazame barabara na kuiziba nyuma. Ni dawa sahihi nusu. Jane Jacobs, katika kitabu chake cha 1961 kuhusu miji ya Marekani, alieleza kwamba maduka ya chini yanaupa mtaa macho: mwenye duka anaona nani anapita na nani anazengea. Ua uliozibwa kabisa na migongo ya maduka unakosa macho hayo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, wakati wakazi wengi wako kazini. Upande wa pili, fremu yenye mlango wa nyuma unaofunguka uani haichukui hata mwezi kuanza kuhamia. Kwanza makreti ya soda matupu. Kisha ndoo na beseni la kuoshea vyombo. Kisha jiko la mkaa, kwa sababu ndani ni joto. Kisha turubai la kulikinga jiko na mvua, na turubai likishafungwa kwenye nguzo mbili, tayari ni jengo.

Ukichunguza, mfanyabiashara huyo hakutamani bustani. Alikosa stoo na choo. Fremu nyingi zinachorwa kama sanduku tupu lenye mlango wa kukunja, na kila kisichoingia kwenye sanduku kinatoka nje. Kwa hiyo katika urefu wa mita 9 wa kila fremu, mita 6 za mbele ziwe za kuuzia na mita 3 za nyuma ziwe stoo, choo na sinki, zenye dirisha la juu la kuingiza hewa kutoka uani na bila mlango. Mzigo ushushwe mbele, alfajiri. Fremu moja tu, ile iliyo kwenye njia ya miguu, ifunguke pande zote mbili, na ipewe mtu ambaye biashara yake inataka watu watulie: mgahawa, au saluni. Hayo ndiyo macho ya mchana. Kuchomelea vyuma, gereji na baa ya muziki zikatazwe kwenye mkataba wa pango tangu mwanzo, maana kumtoa mpangaji aliyeshazoea ni kesi.

Na mama wa genge? Ataketi getini hata usipomchora. Afadhali umchore: meza ya zege ya mita 2, kivuli, bomba la maji, taa. Miradi ya kisasa inamwona uchafu, halafu wakazi wake wale wale wanamtuma bodaboda akawanunulie nyanya mtaa wa pili.

Wasiodhani fremu ina nguvu kiasi hicho watazame Barcelona. Mpango wa Ildefons Cerdà wa 1859 uliugawa upanuzi wa mji kwa vitalu vya mita 113 kila upande, vyenye bustani katikati. Wenye viwanja walijenga pande zote, wakajaza katikati karakana na maghala, na jiji hilo tajiri limelazimika katika miongo ya karibuni kuzikomboa bustani hizo moja moja kwa gharama kubwa. Kama mchoro ule uliliwa namna hiyo, mchoro wa Sinza au Tabata utashindwaje kuliwa?

Gari ni mlaji mvivu lakini mnene. Katika ukanda wetu wa nyuma yanaingia magari 13, kila moja likichukua kama mita za mraba 28 ukijumlisha na njia ya kugeuzia. Kila nyumba ikidai nafasi yake, magari kumi yaliyobaki yanataka mita za mraba 280, yaani nusu ya ua. Hakuna ujanja wa mchoraji unaofuta hesabu hiyo. Maegesho ya chini ya ardhi kwenye mradi mdogo ni ghali kupita faida. Kinachowezekana ni kuuza au kukodisha nafasi ya gari peke yake, mbali na nyumba, ili asiye na gari asiilipie na mwenye magari mawili aone gharama. Mahali palipo karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi, ambayo yamekuwa yakibeba watu tangu 2016, nafasi 13 kwa nyumba 23 zinatosha. Pembezoni, palipo na barabara ya vumbi na daladala ya kubahatisha, hazitatosha, na hapo nisingeushauri mradi wa aina hii kabisa.

Kwa kuwa ahadi hazizuii tairi, ua unyanyuliwe sentimita 45 kutoka usawa wa maegesho. Njia ya mteremko kwa kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto itahitaji urefu wa mita 5.4 ili isiwe kali, na upana wa mita 1.2. Bajaji haipiti hapo.

Karo ndilo mlaji asiyeonekana kwenye picha yoyote ya mauzo, na ndilo lililoniudhi zaidi katika miradi niliyoitembelea, kwa sababu huamuliwa na fundi siku ya mwisho. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam haijafikiwa na mtandao wa majitaka. Nyumba 23 zenye watu kama 100, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku, zinatoa lita 8,000. Udongo ukinywa, vyema. Kwenye mabonde na maeneo ya chini yenye maji ya ardhini karibu, wakati wa masika udongo haunywi, na gari la kunyonya la lita 10,000 linajaa kwa siku moja na robo. Hapo ndipo ua unapochimbwa: shimo la pili, la tatu, na njia ya gari la kunyonya juu ya nyasi. Karo liwekwe chini ya maegesho, mifuniko yote iwe pale gari linapofika kwa njia ya ubavuni. Maji ya kufulia na kuogea yatenganishwe na ya chooni tangu kwenye mabomba ya ukutani; yakipitishwa kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, yatafaa kumwagilia miti. Kuyatenganisha baada ya jengo kuisha ni kubomoa kila bafu.

Maji ya mvua nayo yanataka akili. Mvua ya milimita 50 kwa siku, ambayo si ajabu mwezi wa nne, inamwaga lita 100,000 kwenye kiwanja hiki. Kikisakafiwa chote, maji hayo yanakwenda kwa jirani na barabarani. Ua wa udongo ulioshushwa kidogo katikati, wenye mchanga na kokoto chini, unameza sehemu kubwa ndani ya saa chache. Mapaa yenyewe, kwa mvua ya Dar es Salaam ya takriban milimita 1,100 kwa mwaka, yanaweza kuvuna zaidi ya lita 450,000. Simtanki chache hazitahifadhi zote, lakini zitamaliza hoja ya kwamba bustani inakula bili ya maji.

Kuhusu jua na upepo, nitakuwa mfupi kwa sababu pwani hii imeshafundisha. Upande mrefu wa jengo utazame kaskazini na kusini. Madirisha ya magharibi yanapika wakazi jioni. Kina cha mita 9 kinaruhusu dirisha mbele na nyuma, na upepo wa kusi au kaskazi ukapita chumbani bila feni. Ua usizungushwe kuta pande nne. Barabara ikiwa inatazama magharibi, hamna namna: weka veranda pana na mbao za kukinga jua, ulipie.

Miti iwe michache na mikubwa. Mwarobaini mmoja, mkungu, pengine mwembe, ikipandwa kwenye ardhi halisi na si juu ya zege, inafaa kuliko vyungu arobaini vya maua vinavyokufa likizo ya kwanza ya mtunza bustani. Mnazi una sura nzuri na nazi zinazoanguka vichwani. Nyasi zisienee kote: chini ya kivuli na miguu ya watoto hazioti, na udongo mtupu ulioshindiliwa si aibu, ndivyo nyua zetu zilivyokuwa siku zote. Kamba za nguo zipewe upande wenye jua, zisifichwe. Na katikati paachwe wazi pa kutosha turubai na viti mia, kwani msiba hautangojea ukumbi ukodiwe, na bila nafasi hiyo watu wataifunga barabara.

Ukubwa wenyewe ni suala. Majumba marefu ya Michenzani, Zanzibar, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki na ambayo watu huyaita treni, yaliachiwa nafasi pana kati yake na barabara. Nafasi si haba, lakini ni ya kila mtu, na mama aliye ghorofa ya juu hawezi kumwita mtoto akamsikia. Buruburu ya Nairobi, mtaa uliojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, ulipangwa kwa vikundi vya nyumba vinavyotazamana kwenye uwanja wao. Nyumba zimeongezwa vyumba, biashara zimechomoza kwenye kuta za barabarani, lakini majirani wanajua uwanja upi ni wao. Maeneo ya wazi yasiyo na mwenyewe yalipata mkasa mwingine nchini Kenya. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 imejaa ardhi za umma zilizogawiwa kinyume cha sheria. Turudi Dar es Salaam: Magomeni Kota, mradi wa makazi uliozinduliwa Machi 2022, una kaya 644. Hilo ni eneo la kuwa na nyua ishirini na ushee, kila moja na watu wake, maana kaya 644 hazikubaliani hata rangi ya ukuta.

Hapa ndipo karatasi inapoizidi ramani. Tanzania ina Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, Kenya ina yake ya 2020. Kwa sheria hizo anayenunua nyumba ya ghorofani anapata hati yake, na pamoja nayo fungu katika maeneo ya pamoja, na wamiliki wanakuwa na chombo chao cha kuyasimamia. Wanunuzi wengi hukagua vigae na makabati ya jikoni, wasiulize kama ua umetajwa kwenye ramani iliyosajiliwa au umebaki kwa jina la mwendelezaji. Ukibaki kwake, siku moja utaota jengo. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza malisho, misitu na mifereji ya pamoja, akaonyesha kwamba mali ya pamoja hudumu pale mipaka inapojulikana, kanuni zinapotungwa na watumiaji na anayezivunja anapoadhibiwa kidogo kidogo. Chama cha wamiliki kinaweza kufanya hivyo, ila kasoro yake ni kwamba wengi wa wamiliki hawaishi pale. Wanapangisha. Mpangaji ndiye mwenye watoto uani, lakini hana kura. Katiba ya chama impe kiti, walau kwa mambo ya ua, maji na taka.

Fedha pia zisitegemee michango. Mchango wa mwezi hulipwa kwa bidii mwaka wa kwanza, halafu huanza mizozo ya aliyelipa na asiyelipa. Njia ninayoiona ya uhakika zaidi ni fremu moja kati ya zile saba kubaki mali ya chama, na kodi yake ilipe mtunza bustani, taa, ufagizi na gari la kunyonya. Mwendelezaji atalalamika kwamba amenyang'anywa fremu. Aiweke kwenye bei ya nyumba 23. Mgawanyo wake kwa kila mnunuzi ni mdogo kuliko makabati ya jikoni.

Linabaki suala la geti la miguu, na juu ya hili wasanifu na wakazi hawatapatana leo. Wasanifu wanataka ua uwe wazi kwa mtaa mzima, kwa kuwa mtaa hauna bustani nyingine. Wakazi wanataka ufungwe, kwa kuwa wameulipia na simu zinaibwa. Nawaelewa wote, ila ua wa mita 24 hauwezi kuwa bustani ya kata. Ningelifungua asubuhi wakati mgahawa unapofunguliwa na kulifunga jioni unapofungwa. Mgeni apite, anywe chai, mtoto wake acheze, aondoke. Ufunguo akae nao mwenye mgahawa, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba wake wa pango, likiambatana na punguzo la kodi. Mlinzi ashike geti la magari.